Emérithe, Fundi wa Lifti Aliyebisha Hodi Mwenyewe

Wasikilizaji wapendwa, habari za Jumapili. Ninyi mlio jikoni kule Alby, ninyi wa Akalla, ninyi mnaojiandaa kwa zamu ya jioni Södertälje, karibuni tukae pamoja. Mimi ni Ludovick. Leo kipindi chetu ni cha mtu mmoja.

Tunamkumbuka Emérithe Barampama. Alifariki Jumanne iliyopita, hospitalini, baada ya kuugua miezi saba. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Ameacha watoto wawili, Axel na Tania, na mdogo wake, Armel. Alikuwa fundi wa lifti. Narudia kwa wale waliofungua redio sasa hivi: Emérithe alikuwa fundi wa lifti, hapa hapa Stockholm.

Wengi wetu tulimjua kwa mambo mawili. La kwanza ni hiyo kazi yake. Tulizoea kumwona kwenye treni ya chini ya ardhi, ile ya njia nyekundu, akiwa na suruali yenye mifuko mingi, mikono ina harufu ya grisi. La pili ni maneno yaliyosemwa juu yake kanisani, karibu miaka mitatu iliyopita. Wengine waliyasema, wengine waliyasikia wakanyamaza. Leo nitayagusa yote mawili. Wenye habari wameniruhusu.

Emérithe alizaliwa Ngozi, Burundi. Vita vilimkimbiza na mumewe mpaka kambini, mkoani Kigoma. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili chake, na huko ndiko alikofundisha watoto kusoma, darasa likiwa turubai na miti minne. Mumewe alifia kambini kwa malaria, Tania akiwa hajaanza kutembea. Mwaka 2005 Emérithe, watoto na Armel wakaletwa Sweden. Walipewa nyumba Alby, ghorofa ya nane.

Mlango wa pili wa jengo hilo hilo waliishi Warundi wengine, Sébastien na mkewe Concessa, tunayemwita pia Mama Kelly. Walikuwa wametangulia kwa mwaka mmoja. Wasikilizaji, ninyi mnajua thamani ya aliyekutangulia. Siku ya pili tu, Concessa aligonga mlango akiwa na makoti manne ya baridi. Sébastien akawapeleka kununua kadi za treni. Emérithe alipoanza masomo ya Kiswidi jioni, ni Concessa aliyempikia Tania, akamwogesha, akamlaza. Miaka miwili na zaidi. Bila kudai chochote.

"Dada yangu alikuwa akisema ndugu wa tumbo moja ni mimi," Armel aliniambia juzi. "Halafu anaongeza, ndugu wa nchi hii ni Sébastien."

Mwaka 2008 kampuni moja ya lifti iliona mafundi wake wanazeeka na vijana hawaji. Ikaamua kuchukua wakimbizi sita na kuwafundisha kazi. Serikali ililipa sehemu kubwa ya mishahara yao kwa miaka miwili. Emérithe akaomba. Sébastien naye akaomba. Wote wawili wakapata.

Armel alimcheka dada yake. "Wewe na lifti wapi na wapi?"

"Nakaa ghorofa ya nane," Emérithe alijibu. "Ikiharibika, nani anapandisha mfuko wa unga? Si wewe."

Siku yake ya kwanza alisimamishwa juu ya paa la lifti, ndani ya shimo lenyewe, kwenye jengo moja Akalla. Pembeni yake alikuwa fundi mkongwe, Mswidi aitwaye Torbjörn. Lifti ikapanda taratibu gizani. Aliogopa sana. Lakini alisimulia baadaye kwamba kila walipopita mlango wa ghorofa, harufu ya chakula ilipenya. Ghorofa ya pili, vitunguu. Ya nne, kahawa. Ya sita, samaki. Akajiambia, kumbe nyuma ya kuta hizi kuna watu wanakula. Uoga ukapungua.

Alijifunza vizuri. Walijifunza wote sita vizuri, kila mmoja kwa namna yake. Emérithe alikuwa na kitu kimoja zaidi: ualimu. Mwenzake akikwama, yeye ndiye alimwelekeza, kwa Kiswidi kile kile kibovu walichoelewana nacho. Torbjörn aliliona hilo. Na wakubwa wakaliona.

Sasa, wasikilizaji, lazima niwaeleze jambo moja la kazi hiyo, kwa sababu habari yote inasimama hapo. Mlango wa lifti una kinga. Mlango ukiwa wazi, lifti haiondoki. Fundi anapofanya kazi anaweza kuipita kinga hiyo kwa muda, kwa kipande cha waya, apate kupima. Akimaliza, lazima autoe. Asipoutoa, mlango unaweza kuwa wazi na lifti isiwepo. Mtu akiingia bila kutazama, anaingia shimoni.

Majira ya baridi ya mwaka wa pili, Emérithe alikuta waya kama huo umesahauliwa. Kazi ilikuwa ya Sébastien. Aliutoa, akauweka mfukoni, akamfuata kwenye gari.

"Kaka, umeacha huu."

Sébastien akashika kichwa. "Bon, nilikuwa na haraka. Usimwambie Torbjörn."

Emérithe hakumwambia Torbjörn. Alikumbuka makoti manne.

Majira ya kuchipua akaukuta tena. Jengo jingine, huko Akalla, kazi ya Sébastien tena, na jengo limejaa familia. Hakuna aliyeanguka. Hakuna aliyeumia. Nasisitiza, hakuna aliyeumia. Lakini Emérithe alipofungua mlango wa ghorofa ya tano alimwona mama amesimama na kigari cha mtoto, anasubiri lifti. Alimwomba ashuke kwa ngazi, akamsaidia kubeba kigari mpaka chini. Halafu akarudi akatoa waya. Armel anasema usiku ule dada yake hakula, na alipoulizwa alisema ni tumbo.

Muda si mrefu, ile miaka miwili ikaelekea ukingoni. Msaada wa serikali ulikuwa unakwisha. Mkurugenzi wa kampuni akamwita Emérithe. Akampa ajira ya kudumu, ile tunayoiita hapa fast jobb, na ninyi mnajua watu wanavyoililia. Akamwambia kuwa vuli ijayo wataleta wakimbizi wengine sita, naye atasaidia kuwafundisha.

Emérithe akauliza, "Na hawa watano wenzangu?"

Mkurugenzi akasema kampuni inawashukuru sana na itawapa barua nzuri.

Torbjörn alikuwemo chumbani. Nilizungumza naye kwa simu, kwa Kiswidi, na amenikubalia niwatafsirie. Anasema Emérithe alisema hivi: "Nilifundisha watoto kambini. Sikuwahi kumwambia mtoto jifunze, huku najua mlango wa mbele umefungwa. Kama hao sita mnawaleta kwa ajili ya hela ya serikali, tafuteni mwalimu mwingine."

Akaweka funguo za kazi mezani. Akarudi Alby.

Wasikilizaji, alikuwa mjane mwenye watoto wawili. Armel alimfokea. "Mtu analiwa na njaa kwa ajili ya wenzake?" Yeye alimjibu tu kwamba anajua.

Alikaa nyumbani karibu mwezi mzima. Torbjörn akawaambia wakubwa kwamba bila mafundi hao atastaafu na kuacha gereji tupu. Mwishowe kampuni ikalegea, lakini nusu. Ikamwita, ikasema itabaki na watatu kati ya wale watano. Na yeye ndiye aseme ni nani.

Alikataa kwanza. Wakamwambia basi wataangalia matokeo ya mtihani wa Kiswidi. Hapo akajua ni nani atakayetoka: mama mmoja wa Eritrea, fundi makini kuliko wote, ambaye kuandika kulimshinda. Emérithe akaomba siku moja ya kufikiri. Kesho yake akataja majina matatu. Yule mama wa Eritrea alikuwemo. Sébastien hakuwemo.

"Hakunieleza sababu, nami sikumuuliza," Torbjörn aliniambia. "Nilidhani ni mambo yao. Na nikwambie ukweli, uamuzi ule ulikuwa wetu sisi tuliokaa na kampuni miaka yote. Tulimbebesha mgeni."

Mkurugenzi alisema ofisi itawaarifu wahusika Jumatatu. Emérithe hakusubiri Jumatatu. Ijumaa jioni alishuka ghorofa zake nane, akaingia mlango wa pili, akabisha hodi kwa Sébastien.

Concessa alikuwa anamenya ndizi. Akamkaribisha vizuri, akamvutia kiti.

"Ngoja kwanza, Mama Kelly," Emérithe alisema. Hakukaa. "Kaka, nimekuja mwenyewe. Sikutaka uisikie ofisini."

"Niisikie nini?" Sébastien akauliza.

"Wamebakiza watatu. Wewe si mmoja wao."

Concessa akaweka kisu chini. "Ni Wazungu hao. Wametukataa."

Wasikilizaji wapendwa, tuweke kituo hapa. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Angesema ndiyo, ni Wazungu. Wangelia pamoja, wangekula ndizi pamoja, na urafiki ungebaki. Hakuna ambaye angejua.

Emérithe akasema, "Hapana. Ni mimi niliyetaja majina."

Sébastien hakuuliza kwa nini. Alitazama sakafu. Concessa ndiye aliyeuliza, mara tatu. Emérithe alimtazama Sébastien, akingoja aseme mwenyewe. Sébastien hakusema. Basi Emérithe naye hakusema.

"Kile kiti nilikirudisha mezani," Concessa aliniambia wiki hii. "Nikamwonyesha mlango. Mtoto wake amelala kwenye mikono yangu, halafu anakuja kuniambia ni yeye aliyetaja majina."

Jumapili iliyofuata habari ilikuwa imefika kanisani. Walisema amemuuza ndugu yake apate kazi. Mzee mmoja wa kwaya alisema, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huyu wetu amekula mpaka mfupa." Watu wakacheka. Emérithe aliimba sauti yake ya pili, akachukua watoto, akaenda zake. Tania, ambaye humjibu mama yake kwa Kiswidi, alimuuliza njiani kwa nini Mama Kelly hawapungii mkono. Mama akasema, "Ana haki ya kukasirika. Wewe msalimie tu."

Alikuwa na neno moja la kuwanyamazisha wote. Waya. Hakulitoa. Armel mwenyewe hakulijua. Alimuuliza dada yake mara nyingi, akajibiwa, "Hiyo si habari yangu kuisema."

Kazini alirudi kwa sharti. Kabla ya kundi jipya kuanza, kampuni itaje ni nafasi ngapi za kudumu zipo, na wanafunzi waambiwe siku ya kwanza. Wakubwa walinuna, wakakubali. Vuli ile waliwachukua wanne badala ya sita, na wote wanne wapo kazini mpaka leo.

Sébastien alikaa mwaka mzima bila kazi. Sitaki kuupamba mwaka huo. Kulikuwa na ugomvi nyumbani, kulikuwa na aibu. Halafu akapata kazi kwenye kiwanda Södertälje, na anaendelea vizuri.

Mwaka jana Emérithe akaugua. Wa kwanza kwenda hospitali, nje ya familia, alikuwa Concessa. Alikwenda na uji. Hakujua chochote kuhusu waya. "Nilikuwa bado na hasira naye," anasema. "Lakini nilisikia Tania anajipikia mwenyewe. Nikasema hasira itasubiri."

Sébastien alikwenda majuma mawili baadaye. Nilimuuliza alikwenda kuomba msamaha au kutoa.

"Hata kimoja," alinijibu. "Nilikwenda kumuuliza kwa nini hakuwaambia watu."

"Akasemaje?"

"Alisema nilipaswa kuwaambia mimi. Alisema alikosa mara ya kwanza, aliponyamazia ule waya. Kama angenishtaki mapema, ningeadhibiwa kidogo na kujifunza, na kazi ingebaki. Akasema hilo ndilo linalomuuma, si mengine."

Wakakaa pamoja, wawili, mpaka muuguzi alipokuja.

Jana Jumamosi, kwenye ibada ya kumuaga, mchungaji aliuliza kama kuna mwenye neno. Sébastien akasimama. Mbele ya mkewe, mbele ya kwaya, mbele ya yule mzee, akaeleza habari ya waya, ule wa kwanza na ule wa pili, na yule mama mwenye kigari. Akasema, "Niliwaacha mumseme kwa miaka karibu mitatu, na nilikuwa najua." Akakaa. Concessa hakumtazama mumewe. Aliinuka, akaenda kukaa na watoto wa Emérithe.

Nilimuuliza Sébastien kama naweza kuyasema haya redioni. Akasema, "Yaseme. Na jina langu ulitaje."

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Axel, Tania na Armel. Tunawapa pole mafundi wenzake, na yule mama wa Eritrea, ambaye alibeba jeneza pamoja na wanaume. Pole zetu zifike pia kwa Sébastien na Concessa, maana nao wamefiwa.

Kabla hatujaachana, naomba tujiulize. Kampuni zinapofungua mlango kwa wageni, ni jambo jema, na tushukuru. Lakini tuulize pia mlango huo unafunguka mpaka wapi, na tuulize mapema. Halafu tujitazame sisi. Ni mara ngapi tumesema "ofisi imekataa", "sheria hairuhusu", "ni Wazungu hao", ili tu mtu asitukasirikie?

Nilimuuliza Tania, ana miaka kumi na mitatu, angependa tuseme nini juu ya mama yake. Alifikiri kwa Kiswidi, nikaona, kisha akatafuta maneno ya Kiswahili moja moja.

"Mama alikuwa anasema kitu mbele yako," akasema. "Halafu anabaki hapo. Haondoki. Unaweza kulia, unaweza kupiga kelele, yeye yupo."

Pumzika, Emérithe. Na ninyi mlionisikiliza, asanteni. Kaeni na wenzenu salama.