Mzee Severin na Joji Wake

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Mwenye chai aishike, mwenye sufuria jikoni apunguze moto. Leo sina haraka, na kusema kweli sina hata nguvu ya kuwa na haraka. Huu ni msiba wa tatu kuusoma hapa tangu mwaka uanze. Nimechoka. Najua na nyinyi mmechoka. Basi twende polepole.

Tunamkumbuka Mzee Severin Mhina. Mzaliwa wa Muheza, kinyozi wa Woolwich hapa Uingereza, tuliyemzika Jumamosi iliyopita. Narudia kwa waliofungulia sasa hivi: Mzee Severin, kinyozi wa Woolwich, ametutoka.

Kama uliwahi kunyolewa kwake, unajua palikuwa na sharti. Ukishafungwa kitambaa shingoni, utasikiliza habari za Mtakatifu Joji, mlinzi wa Uingereza. Utake usitake. Nusu ya kichwa imeshanyolewa, utakwenda wapi? Mimi nilikuwa naingia pale hata siku ambazo sina nywele za kukata. Nilifuata umbeya, na umbeya nilikuwa naupata, ila kwanza nimalize Joji.

Walikutanaje, Mzee Severin na Joji? Mwaka wake wa kwanza hapa mjini hakuwa na mtu. Mvua ikamkuta njiani, akaingia kwenye lile kanisa la zamani la wanajeshi, hapohapo Woolwich, lililopigwa bomu wakati wa vita ya Hitla zikabaki kuta. Ameingia kujikinga, anaangalia juu, kanisa halina paa. Akalowa. Lakini ukutani pana picha ya vijiwe vya rangi: Joji kasimama, joka liko chini. Akabaki anaitazama mpaka viatu vikajaa maji.

Akaanza kuulizauliza. Alichokipata kilimfurahisha mpaka kufa kwake. Kumbe Joji si Mwingereza. Alikuwa askari wa Warumi, na masimulizi yanasema alizaliwa Kapadokia, ambako leo ni Uturuki, na mama yake alikuwa mtu wa Palestina. Aliamriwa aikane imani yake, akakataa, akauawa. Huku Uingereza hakutia mguu. Waingereza walikuwa na watakatifu wao, wafalme wa damu yao, Edmundi na Edwardi. Kisha wapiganaji wa vita vya msalaba wakarudi na hadithi za askari mtakatifu, wafalme wakampenda, wakamkabidhi nchi.

"Huyu alipewa ukazi bila kuomba," Mzee Severin alikuwa akisema. Wateja ambao maombi yao ya visa yalikuwa hayajajibiwa walicheka kile kicheko chetu cha kuchoka.

Habari ya joka ilikuja baadaye sana, karne nyingi baada ya kifo cha Joji. Mzee aliisimulia hivi. Palikuwa na mji Libya, na nje ya mji palikuwa na ziwa, na ziwani palikuwa na joka. Watu wakalipa kondoo lisiwadhuru. Kondoo wakaisha, wakaanza kutoa watoto wao kwa kura. Siku moja kura ikamwangukia binti mfalme. Akavishwa kama bibi harusi, akapelekwa ziwani. Joji akapita na farasi wake, mgeni, mwenye safari zake. Binti akamwambia kimbia, usife bure. Hakukimbia. Akalichoma joka mkuki.

Hapo Mzee Severin alisimamisha mashine ya kunyolea. Wengi, alisema, wanaishia hapo, wanapiga makofi, wanakwenda zao. Lakini mkuki ulilijeruhi tu. Joji akamwambia binti afungue kibwebwe chake, alifunge joka shingoni. Ndivyo alivyosema, kibwebwe, kile kitambaa ambacho mama zetu wanajikaza nacho kiunoni siku ya kazi. Binti akalifunga. Joka likamfuata mpaka mjini kama mbwa wa nyumbani, na wanaume wote wakapanda milimani.

Jirani yake wa ukuta mmoja, Bi Mwatima wa Pemba, hakukubali hata siku moja kwamba Joji ni wa Wakristo peke yao. Kazini alikuwa na mwenzake, mama wa Kipalestina, aliyemwambia kwamba kwao Waislamu na Wakristo wanaweka nadhiri mahali pamoja, Wakristo wakimwita Joji, Waislamu wakimwita Khidhri. Basi kila Aprili ishirini na tatu, sikukuu ya Joji, Mzee Severin akipika pilau na mlango ukiwa wazi, Bi Mwatima huingia na sahani yake mkononi. "Nimekuja kula sikukuu ya Khidhri," anasema. "Mbondei wewe wa Muheza umeiazima tu." Nyumba inajaa mpaka watu wanakula ngazini. Nyumba ya namna hiyo ndiyo ninayoipenda mimi.

Na kwenye roshani, ghorofa ya tatu, mwaka mzima, ilining'inia bendera ya Joji. Nyeupe, msalaba mwekundu, ndiyo bendera ya Waingereza. Aliitundika akiwa na mkewe, marehemu Mama Anastasia, na alimwambia kila aliyekaa kwenye kile kiti: "Nikifa mnifunike hiyo."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nyinyi mnaishi hapa, sina haja ya kuwaeleza bendera hiyo imepitia wapi siku hizi, mikononi mwa wasiotaka wageni. Mzee ana mtoto mmoja, Irene, muuguzi. Kiangazi kile bendera kama hiyo zilipofungwa kwenye nguzo za taa barabarani anakoishi Irene, alikuwa anarudi kutoka kazini, miguu imevimba. Wanaume chini ya nguzo wakamuuliza anarudi lini kwao. Akajibu ndiko anakoelekea, nyumba ile pale, yenye mlango wa kijani. Wakacheka. Tangu siku hiyo anapita njia ya kuzunguka.

Akaenda kwa baba yake, akamwomba aishushe. Bi Mwatima alisikia yote, kuta zenyewe unazijua.

"Nikiishusha nimewaachia," alisema mzee. "Hata hadithi yake hawaijui."

"Baba, wewe uko huku juu ghorofa ya tatu. Mimi ndiye ninayepita chini."

Bendera ikabaki. Sikukuu ya mwaka jana Irene hakuja kula pilau, na ile sehemu yake ya kochi hakuna aliyeikalia.

Kisha mzee akaugua moyo. Irene akamuuguza kwa mikono yake mpaka mwisho. Habari ya bendera hawakuigusa tena.

Msiba ukawekwa pale nyumbani Woolwich. Mikeka ikatandikwa, viti vya kuazima vikapangwa, wali ukapikwa wa watu wengi. Tukakaa. Watu hawaji. Tukadhani treni. Ndipo simu ya Bi Mwatima ikalia. Ni Cédric, yule kijana wa Kikongo mwenye gari, aliyewachukua kina mama wa Ilford na masufuria yao. Anauliza, kwa heshima zote, bibi amempa anwani gani? Maana hapo alipofika pana bendera ya wale watu, na kina mama wamekataa kushuka. Ameshazunguka mtaa, sasa wanarudi.

Tukatazamana. Sisi tulioizoea bendera ile hatukuwa tunaiona tena. Hakuna aliyekumbuka kwamba mgeni anaiona kwanza. Na si kina mama wa Ilford tu. Wangapi walifika chini, wakatazama juu, wakageuka bila kupiga simu? Mlango ambao haukufungwa miaka yote ile, siku ya msiba wa mwenyewe, viti vitupu. Wali ulipoa. Nimehudhuria misiba mingi, ila upweke wa sebule ile bado uko mabegani kwangu.

Irene akainuka. Akaenda roshanini, akaivuta bendera, kamba ikakatika, akaitupa kwenye beseni la nguo chafu. Akasema haitagusa jeneza la baba yake.

Wazee wakaanza kunong'ona. Wosia wa marehemu hauchezewi. Wengine wakasema mwacheni mtoto, ndiye mwenye uchungu. Mchungaji akasema familia iamue, na familia ni Irene, na Irene alikuwa amejifungia jikoni.

Bi Mwatima akamfuata. Haya amenisimulia mwenyewe, na ameniruhusu.

"Mwanangu, mimi sikwambii umfunike nayo, wala sikwambii uiache. Nakuuliza tu. Lile joka, nani aliyelitia mjini?"

"Binti."

"Alilipenda?"

"Hapana."

"Aliacha kuliogopa?"

Irene akafikiri. Akasema baba hakuwahi kuisema hiyo sehemu.

"Basi," alisema Bi Mwatima, akamwachia chai yake.

Jumamosi, jeneza lilitoka na maua tu. Halikufunikwa bendera. Minong'ono ikaanza, nami nilikuwemo. Kisha Irene akatoka nyuma yake, akapita mbele ya jeneza. Kiunoni hakuwa amejifunga kibwebwe. Mkononi alikuwa na ile bendera, imefuliwa, imekunjwa, imekazwa katikati kwa khanga ya marehemu mama yake. Khanga kuukuu, maandishi yamefutika kwa kufuliwa, Bi Mwatima amejaribu kuyasoma ameshindwa. Ncha moja Irene aliizungushia kifundo cha mkono. Akatembea hivyo katikati ya barabara, si kwa njia ya kuzunguka. Watu wa dukani wakatoka kutazama. Hakumtazama mtu.

Kaburini tukadhani ataitupa ndani. Hakuitupa. Alisema, na tulio karibu tukasikia: "Baba, sikukufunika nayo. Sijaweza. Ila nimeifunga, na imenifuata." Akarudi nayo nyumbani.

Irene, pole sana. Wana Muheza, poleni kwa ndugu yenu aliyezikwa mbali. Bi Mwatima, pole kwa mtani wako. Nanyi mliozoea kile kiti, poleni, na mtafute kinyozi, maana vichwa vyenu nimeviona. Nasi sote tutulie kidogo, tujiulize ni vitu gani tumewaachia wengine kwa sababu tu tulikuwa tumechoka kuvishikilia. Mimi mwenyewe nimechoka.

Tangazo moja kabla sijanyamaza. Wiki hii ni Aprili ishirini na tatu. Irene anapika pilau Woolwich, nyumba ileile, mlango wazi. Cédric analeta watu wa Ilford, na safari hii nimemweleza vizuri. Mkifika chini, tazameni ghorofa ya tatu. Mkiona bendera tupu, hapo sipo, piteni. Mkiiona imefungwa kibwebwe cha khanga, msigeuke. Ni hapo. Pandeni.