Saa Moja ya Barabara

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada yake mkubwa, na familia imeniomba niwasimulie maisha ya mdogo wetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Ongeza, jina ambalo nitalieleza tukifika mahali pake.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa kitinda mimba wa baba yetu fundi bomba na mama yetu mshonaji, akaanza shule mwaka 1958, na hesabu akazipenda mapema.

Mwaka 1972 aliajiriwa uwanja wa ndege wa hapa mjini kupanga safari, yaani kupima umbali wa uwanja hadi uwanja, kuulizia upepo, na kumwambia rubani atasafiri kwa muda gani, na wanangu walipomuuliza kwa nini ndege huchukua saa mbili kwenda na saa moja na nusu kurudi, ilhali umbali ni uleule, aliwakimbiza uani siku ya upepo, kwanza wakiukabili, kisha ukiwasukuma mgongoni, wakaelewa wenyewe.

Upepo wa uwanja ambako ndege inakwenda aliuulizia kwa simu kwa binti mpima hali ya hewa, ambaye anasema kijana huyu aliuliza hata siku zisizo na ndege. Walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1980, kwao bibi harusi, na marehemu aliwaahidi wakwe saa ya kufika kwa muda wa ndege peke yake, akaisahau barabara ya kutoka uwanjani hadi mjini, bibi harusi akangoja saa nzima na shela lake, shangazi mtu akauliza kama bwana huyu alipanga kutua juu ya paa, na tangu hapo kila msafiri akawa anaambiwa naye, ongeza saa moja ya barabara, ndipo mkamwita Bwana Ongeza.

Walijaliwa mabinti wawili, mkubwa fundi umeme hapa mjini, mdogo mpishi wa hoteli kule mji alikotoka mama yake.

Figo zilianza kumsumbua Januari mwaka huu, na tarehe 14 mwezi huu daktari akatuita kando, akasema muda umebaki mfupi, nasi tukahofu kwamba binti mdogo, aliyekuwa njiani kwenda kupanda ndege ya mchana, hatamkuta. Marehemu akamwagiza mkewe apige simu kuulizia upepo, kama zamani, akafumba macho, akasema ndege itatua saa tisa, tusianze kuchungulia dirishani mapema, tuongeze saa moja ya barabara, naye atangoja. Binti aliingia wodini saa kumi kasorobo, begi mgongoni, baba akamwambia, umewahi, upepo ulikuwa nyuma yako, wakacheka, wakazungumza mpaka jioni, na saa moja usiku akatutoka kwa utulivu, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, wafanyakazi wenzake wa uwanjani, na dereva wa teksi aliyemleta binti yetu kwa kasi bila kumtisha.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, nasi tutakuja kwa wakati wetu, ila usitutazamie mapema, tuongezee saa moja ya barabara.