Sahani ya Chini

Baada ya miaka thelathini na miwili katika maabara ya hospitali yetu, mwandishi wetu wa programu anastaafu tarehe 30 Juni. Wengi tunamwita Mama Sahani, kwa kuwa akiwa kantini huvuta sahani ya chini kabisa, huku mpishi akilalama: “Mama, utaniangushia zote! Za juu zimekukosea nini?”

Tabia hiyo ina chanzo chake. Katika mwaka wake wa tisa kazini, aliandika programu ya kupanga sampuli za damu. Aliipanga kwa mrundo: iliyoingia mwisho hupimwa kwanza. Mrundo ni mwepesi. Mashine huchukua kilicho juu bila kutafuta. Siku za kawaida sampuli zote ziliisha kabla ya adhuhuri, na hakuna aliyeona kasoro.

Kisha ikaja homa. Sampuli mpya ziliingia bila kukoma, na kila mpya iliikalia ya zamani. Ya fundi seremala mmoja wa wodi ya nne, baba wa watoto watatu, ilikaa chini siku nne. Ilipopimwa, ilionyesha ugonjwa wenye dawa. Kitanda chake kilikuwa kimekwisha kutandikwa upya.

Kamati iliyochunguza kifo hicho ilitaja wingi wa kazi kuwa chanzo. Yeye akawasilisha barua yake: “Si wingi wa kazi. Ni mpangilio nilioandika mimi.” Barua hiyo ilimkosesha ukuu wa idara. Aliandika programu upya kwa foleni, iliyotangulia kuingia itangulie kupimwa. Mrundo aliubakiza mahali pamoja tu, kwenye kitufe cha kutengua, ambako kosa la mwisho ndilo linalostahili kuondoka kwanza.

Mwaka jana mwandishi wa wasifu huu, akiwa na shahada mpya na haraka nyingi, alipendekeza mrundo urudishwe ili kuipunguzia mzigo mashine yetu kongwe. Majaribio yote yalifaulu. Mama hakubishana. Aliuliza tu: “Mwanangu, umeijaribu siku ambayo sampuli hazikomi?” Mwandishi hakuwa ameijaribu. Ndipo Mama akafungua droo na kumpa nakala ya ile barua aisome.

Zawadi amezikataa. Ameomba jambo moja: skrini ya ukutani iendelee kuonyesha muda wa sampuli iliyosubiri zaidi kuliko zote. Leo asubuhi ilisomeka dakika kumi na tisa.

Asante, Mama. Tunakuombea afya njema na siku nyingi zisizo na haraka. Namba ile tutaiangalia sisi.