Mzee Bado na Miti ya Ukumbini

Miaka thelathini na mmoja kazini. Tarehe 30 Juni injinia wetu anastaafu. Wote humu mnamjua kwa jina la Mzee Bado. Nimeambiwa niandike mimi, mbeba zege, kwa sababu nimekaa naye saiti muda mrefu kuliko wote waliobaki. Sina maneno mengi.

Alianza kijana, shati limenyooka, kalamu tatu mfukoni. Mwaka wake wa nane alichora jengo la ghorofa tano lenye ukumbi mkubwa chini. Ukumbi haukutakiwa kuwa na nguzo katikati. Basi nguzo za katikati zikaning'inia kutoka juu, zimeshikwa na boriti kubwa ya ghorofa ya mwisho, kama nguo kwenye kamba. Likiisha, jengo zuri. Lakini alilipigia hesabu kama limeshaisha. Hakupiga hesabu ya siku liko nusu, boriti ya juu haijamwagwa, nguzo hazina pa kuning'inia. Siku hizo uzito wote hubebwa na miti iliyosimamishwa ukumbini, na mchoro haukusema ikae mpaka lini.

Tulipofika ghorofa ya tatu, msimamizi akaona zege la chini limekauka. Akasema, "Toeni miti, inatuzibia njia." Mwenye nyundo alikuwa mume wangu. Sakafu zilimshukia.

Injinia alikuja msibani kwa miguu. Shemeji zangu walitaka kumfukuza. Akasimama mlangoni akasema, "Msimamizi mwacheni. Kosa langu." Akakaa chini na watu mpaka jioni. Tumbo halina matanga. Mwezi uliofuata nikabeba karai la zege, saiti ile ile.

Tangu hapo akawa anapiga hesabu hatua kwa hatua. Kila ghorofa ikiongezeka anaanza upya, kama vile jengo litaachwa hapo hapo. Ofisini walisema anachelewesha. Miti akaipaka rangi nyekundu, na kwenye mchoro akaandika siku ya kuitoa na upi uanze. Mafundi wakimuuliza, "Mzee, tutoe?" anajibu, "Bado." "Mzee, itaota majani hii!" "Mtachuma mboga." Fundi nondo anaapa kwamba hata siku ya ndoa, alipoulizwa kama amekubali, alisema bado. Hiyo ni chumvi. Mkewe yupo, muulizeni.

Majengo kumi na tisa tangu lile, hajafa mtu. Na kila miti inapotolewa, yeye husimama chini, katikati, mikono nyuma, mpaka mti wa mwisho utoke. Sisi tunakaa nje. Mimi nakaa mbali kuliko wote. Aliniita nisimame naye mara moja tu, jengo la kwanza baada ya lile. Nikamwambia, "Simama wewe. Wangu alishasimama." Hakuniita tena.

Ijumaa, siku yake ya mwisho, tunatoa miti ya ukumbi huu tunaoujenga. Nao una nguzo za kuning'inia, kama ule. Boriti ya juu imekomaa. Nimeimwagilia maji mwenyewe siku ishirini na nane. Hesabu zake nimeziona, kurasa nene kama godoro. Kuzisoma siwezi.

Neno la msamaha halijanitoka mdomoni, na hapa siliandiki. Ila Ijumaa Mzee hatasimama peke yake. Nitakuwa kando yake.

Asante kwa kila bado. Sote saiti tunakuombea uzee mtulivu. Miti ikishatoka, Mzee, nenda nyumbani.