Ngoma Isiyomwita Mtu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana hiyo ya kwanza nimeisema kwa sauti ya mbu.

Ushuhuda huu nimeuandika kwenye karatasi, kwa sababu nikisimama mikono mitupu maneno yote yatanikimbia. Mnanijua. Mimi ndiye yule kijana wa Mahurunga anayekaa kwa shangazi yake hapa Ufukoni, kidato cha tatu, yule wa nyuma ya nguzo. Shuleni wananiita Kasa. Nikiulizwa swali kichwa kinaingia ndani, na darasa zima linaimba, "Kasa, toa kichwa!" Mwaka jana nilipangiwa kusoma somo hapa hapa kanisani. Nilifika hadi mbele, nikaona macho yenu, nikatokea mlango wa pembeni. Nilikwenda hadi nyumbani na Biblia ya kanisa kwapani! Ndugu zangu, woga ni kifungo, nami nilikuwa nimefungwa.

Rafiki nilikuwa naye mmoja tu, Balbir, mtoto wa fundi Kalasinga mwenye gereji nyuma ya nyumba yetu. Mwezi uliopita kaka yake alikuwa anaoa. Kwao, bwana harusi husindikizwa kwa ngoma mpaka nyumbani kwa bibi harusi, na vijana wa kiume humtangulia wakicheza bangra. Vijana wenyewe walikuwa binamu zake wa Dar es Salaam, na mvua za masika zikawakatia barabara. Mpiga ngoma alikwisha kufika kwa meli, lakini wachezaji hakuna. Makalasinga wa Mtwara mnawajua, wote wanaenea kwenye Landrova moja, na wengi wao ni wazee wanaolalamika magoti.

Balbir akaja kwetu. "Nisaidie, ndugu yangu. Nikicheza peke yangu wakwe watasema kaka hana watu."

Nikasema ndiyo. Sijui ni mdomo wa nani ulisema.

Shangazi alicheka hadi akakalia kinu. "Wewe! Sala ya chakula tu unaisemea chini ya meza, leo ukacheze barabarani?" Kisha akafuta macho. "Nenda, mwanangu. Harusi ya jirani ni yetu."

Tulijifunzia gerejini, katikati ya malori ya korosho, Baba Balbir akitupigia pipa tupu kwa nyundo. Hatua zenyewe ni nyepesi kuzisema. Kwanza mabega, yanapanda na kushuka pamoja, kama mtu anayecheka bila sauti. Kisha unarukaruka kwa mguu mmoja, wa pili umeukunja, goti juu. Kisha mikono inapanda juu ya kichwa, viganja wazi, kifua mbele. Mzee alisema ni ngoma ya wakulima wanaofurahia ngano yao. Nikaukumbuka mpunga wetu wa bonde la Ruvuma, siku ya kuinua miganda, na mikono nikaielewa papo hapo. Lakini kiuno! Sisi Wamakonde ngoma yetu iko kiunoni. Hata mimi nisiyecheza, pipa likilia tu, kiuno kinaondoka chenyewe.

"Bega, kijana!" Baba Balbir alipiga kelele. "Mimi nasema bega, wewe naleta kiuno! Kiuno acha kwa shangazi!"

"Shangazi hakihitaji, baba," Balbir akasema. "Ana chake."

Tulicheka nikasahau kuona haya. Na kila zamu yangu ilipofika, mzee alininyooshea nyundo: "Haya, ingia!" Nami nikaingia.

Siku ya harusi Mama Balbir alinifunga kilemba rangi ya embe bivu. Watu walijaa barabarani. Wenzangu wa darasani wakaniona: "Jamani, Kasa kavaa kilemba!" Ngoma ikalia. Balbir akaingia. Mimi nikasimama.

Ndugu zangu, haukuwa woga peke yake. Kwetu mtu hajitupi tu uwanjani. Ngoma ndogo inakutafuta, inakupigia wewe, ndipo unaingia. Basi nikangoja niitwe. Mpiga ngoma wa Dar hanijui, kafumba macho anapiga tu. Ngoma yao haimwiti mtu! Na mzee mwenye nyundo alikuwa huko nyuma, kando ya bwana harusi. Nikaomba, "Bwana, mwambie mpiga ngoma aniite." Hakuniita. Balbir akabaki peke yake katika barabara ile pana, na mama mmoja wa upande wa wakwe akauliza, "Ndiye huyo tu?" Balbir akanitazama. Hakukasirika. Ila mabega yake yalianza kushuka bila kupanda.

Hapo ndipo Bwana aliponifungua! Sikusikia sauti, sikuona mwanga. Nilimwona rafiki yangu anaaibika, na upendo ukawa mkubwa kuliko macho yote yale. Miguu ikaenda. Mikono ikapanda. Niliruka, ndugu zangu, niliruka! Kiuno nacho kikaja, sikukizuia. Watu wakalipuka kwa shangwe. Shangazi akapiga vigelegele, na mpiga ngoma akafumbua macho, akacheka, akatukolezea.

"Peleka, ndugu yangu, peleka!" Balbir akapaza sauti.

Tukampeleka kaka yake hadi mlangoni. Yule mama wa wakwe akatutia ladu, vitamutamu vyao vya harusi, mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Baba Balbir akaja akihema. "Kiuno bado naleta," akasema, akanikumbatia. "Leo nasamehe."

Namshukuru Mungu wangu, na nawashukuru jirani zangu. Sitawadanganya, haya bado ninayo. Lakini ndugu yangu uliyejificha huko nyuma, usingoje hofu iishe ndipo umwendee Yesu. Mwendee nayo hivyo hivyo. Mimi nilianza kuruka nikiwa naogopa, akanipokea katikati ya barabara.

Na vijana wenzangu, baada ya ibada nitakuwa nyuma ya kanisa. Tunaanza na mabega. Mwenye haya asimame mbele, karibu yangu.