Mama Phelix na Pasi ya Moto Kwenye Keria

Wasikilizaji wapendwa, kama una chai jikoni, imimine kwanza, kisha ukae nami. Leo tunamkumbuka Bilhah Nyakerario, fundi wa nguo wa Silibwet, aliyewapelekea watu nguo zao kwa baiskeli miaka thelathini na mmoja. Bilhah alitutoka Jumanne, akiwa na miaka sabini na miwili. Wengi mlimjua kama Mama Phelix.

Alitoka upande wa Kisii, akafungua kibanda cha cherehani sokoni, na hapo akazeekea. Baiskeli yake nyeusi ilikuwa duka la pili. Mwanawe, Phelix, anasema: "Mama alitufundisha kupakia. Kizito chini, chepesi juu. Nguo ya mtu unaifunga kwa nailoni, halafu gunia safi, halafu unakaza na mpira wa tyubu. Ukifika na tope kwa nguo, hiyo ni aibu yako."

Na yeye mwenyewe? Njiani alivaa suruali kuukuu ya marehemu mumewe, miguu ameichomeka ndani ya soksi isishikwe na cheni. Gauni lake la heshima lilisafiri kwenye mfuko. Akifika, anabadilisha, anakuwa mama wa kanisa. Kanisani kwao, wasikilizaji, mwanamke hakuingia na suruali.

Sasa niwasimulie siku ya Chelangat. Ilikuwa Jumamosi ya Desemba, harusi saa nne asubuhi. Bilhah alikuwa amemshonea Chelangat gauni jeupe la harusi, na alikuwa amechelewa kulimaliza. Kwa kina Chelangat hakukuwa na stima. Kwa kawaida Bilhah alibeba pasi yake ya makaa ikiwa baridi, akaiwashia kwa mteja, akanyoosha mikunjo ya safari. Siku hiyo alitaka kuokoa muda. Akaijaza makaa ya moto kabisa, akaifunga kwa waya nyuma ya keria ya baiskeli, ikigusana na gunia lenye gauni. Haraka haraka, nyinyi mnajua inakoishia.

Mteremko wa pale kwenye mashamba ya chai ni mrefu. Upepo ukayapuliza makaa. Wachuma chai wakasimama na vikapu vyao mgongoni, wakimpungia kwa mikono yote miwili. Bilhah akadhani wanafurahia harusi. Akawapungia pia, akapita, moshi ukimfuata nyuma.

Alipofika kwa kina Chelangat na kufungua gunia, mbele ya gauni palikuwa na tundu la ukubwa wa sahani. Saa tatu ilikuwa imefika.

"Mama Phelix aliniangalia machoni," Chelangat anakumbuka. "Akasema, 'Mtoto wangu, nimechoma nguo yako. Ni mimi. Nipe saa moja, na uache kulia, machozi inaacha alama kwa kitambaa.'"

Bilhah akatoa gauni lake mwenyewe mfukoni. Lilikuwa jeupe, la lesi, na ndilo gauni zuri pekee alilokuwa nalo. Akalikata. Akashona kwa mkono marinda matatu, yakafunika lile tundu. Wageni walifikiri ni fasheni ya Nairobi.

Lakini sasa hakuwa na cha kuvaa. Alifika kanisani na suruali yake, akabaki nje, akichungulia dirishani kuona kama marinda yanashika. Yalishika. Alitabasamu peke yake pale nje.

Katikati ya wimbo, mama wa bi harusi, Janeffer, akainuka na kutoka. Anasimulia mwenyewe: "Nilimwambia, 'Mama Phelix, kuja ndani.' Akaniambia ako na suruali. Nikamwambia, 'Nimeona. Kuja.'"

Akamshika mkono, wakapita katikati ya watu wote, wakaketi kiti cha mbele. Mchungaji alikohoa kidogo, kisha akaendelea na harusi.

Bilhah Nyakerario, fundi wa Silibwet, atazikwa Jumamosi hii nyumbani kwake. Phelix, ndugu zako na wajukuu wote, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Mimi nilimpenda mama huyu, na sioni haya kusema hivyo hewani.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, hakuna kati yetu ambaye hajawahi kuharibu kitu cha mwenzake. Mwendee leo. Mwambie, "Ni mimi." Halafu angalia mfukoni mwako, uone una nini cha kukata.