Fito Zilizolowa

Ndugu zangu, siku ile ilitosha niseme: subiri, fito zikauke. Sikusema.

Wengi mnajua nilikuwa fundi wa kuchomelea hapa Shelui, pale malori yanapolala. Mvua ilikuwa imeingia bandani na kulowesha fito zangu za kuchomelea. Aliyenifundisha kazi alinizoesha kuzikausha juu ya mkaa, ila hakunipa sababu, nami nikaona ni mazoea tu. Nikiwa nazikausha akaja dereva Msukuma, mtani wangu wa miaka mingi. Chuma cha kuvutia tela lake kilikuwa na ufa.

“Wee Mnyiramba, unapika fito? Mboga zimeisha kwako?”

Waliokuwa wakinywa chai wakacheka.

“Msukuma hata fito ukimpikia, atauliza michembe yake ya viazi iko wapi,” nikamjibu.

“Choma bwana, niondoke. Au Wanyiramba mnaogopa maji hata kwenye chuma?”

Mnajua utani wa makabila yetu. Nilishindwa maneno mbele za watu, nikataka kumwonyesha kwa mikono. Nikazitoa fito jikoni zikiwa bado na unyevu, nikachomelea. Nilipogonga nyundo, chuma kililia vizuri. Kigumu kabisa.

Alifika Singida salama. Wakati wa kurudi, akishuka mlima Sekenke, kilikatika pale pale nilipochomelea. Tela likalisukuma lori, likapinduka. Akakatwa mguu. Tajiri wake akasema alikimbiza gari, akamfukuza kazi. Mimi nikaitikia: ndiyo, mwendo. Kisha nikafunga banda, nikaanza kunywa.

Nawaambia, pombe haikunisaidia kusahau. Mlinivumilia hapa kwenye kikundi chetu cha kuacha pombe, mkanileta hata siku ile mwalimu wa ufundi alipokuja. Alisema maji yakikutana na moto wa kuchomelea hutoa hidrojeni, atomi ndogo kuliko zote, nayo hupenya kwenye chuma na kujibana katikati ya atomi zake. Chuma kinabaki kigumu lakini hakinyumbuliki tena. Kinapasuka kimyakimya hata kikiwa kimepoa. Akasema hata tangsteni, inayovumilia moto kuliko vyuma vyetu, ikiingiwa na oksijeni kidogo tu huvunjika kama chaki.

Nilitoka nje, nikatapika. Nilikuwa sijanywa.

Kesho yake nikaenda Igunga anakoishi mtani wangu, nikamweleza yote, kisha tajiri wake. Nilingoja Msukuma wangu anitukane kama mtani anavyotukana. Akaniangalia, akasema, “Nashukuru umesema, fundi. Karibu chai.”

Fundi. Hakuwa amewahi kuniita hivyo.

Nawashukuru mlionivumilia, na mke wangu aliyenifungulia mlango nikiwa sistahili. Nanyi vijana mnaoshika kazi hii, kausheni fito. Anayecheka, mwacheni acheke.

Yeye alipoteza mguu na kazi. Mimi nilimpoteza mtani. Tukikutana ananisalimia kwa heshima, wala hanitanii tena.